Kiganja cha Mama Kwenye Kioo

Aletta wa Keetmanshoop alikuwa mwoga, na hapa hakuna anayemsengenya. Mwenyewe angekwambia kabla hujavua kofia. Alimwogopa nyoka aliyechorwa kwenye kalenda. Radi ikinguruma huko mbali kwenye mashamba ya watu, yeye alishachomoa nyaya zote za nyumba, hata ya pasi ambayo haikuwa imechomekwa. Akipewa lifti alikaa kiti cha nyuma, katikati, mkono huu kiti cha kushoto, mkono huu cha kulia, kama mtu aliyeshika masikio ya punda asiyemwamini. Na mwoga wa namna hii, katika kazi zote za duniani, alikuwa fundi wa vioo vya mbele vya magari.

Kazi aliirithi. Mumewe Kobus alikuwa na kibanda cha mabati karibu na reli, na kifua kilipomchukua, watu walijua mjane atauza vifaa arudi kwao kufuga kondoo. Aletta akavaa ovaroli la marehemu, akalikunja miguuni mara mbili, akafungua mlango. Kule kusini mwa Namibia hiyo ndiyo kazi isiyokwisha. Lami ni chache, changarawe ndiyo nchi yenyewe, na lori la kondoo likikupita kwa kasi linakurushia mawe utadhani mlikosana. Jiwe dogo likiacha nyota kwenye kioo, Aletta aliiziba kwa utomvu unaokauka ukawa kama kioo chenyewe. Nyota ikishatoa mguu na mguu ukawa ufa, hapo hakuna tena kuziba. Kioo kinang'olewa, kinaingia kingine.

Niseme ukweli, na mimi vumbi la kusini nimelila kuliko wengi wanaojidai: woga wake ndio uliompa jina. Magari ya zamani kioo chake kimebanwa na mpira. Unatia kamba kwenye mfereji wa mpira, unakiegemeza kioo, unavuta kamba ukiwa ndani, kinajiingiza chenyewe kama mguu kwenye soksi. Hiyo Aletta aliifanya huku akiimba nyimbo za kanisani. Lakini magari mapya hayana mpira. Kioo kinashikwa na gundi nyeusi, nzito kama asali ya porini, na si pambo. Gari likipinduka, kioo hicho nacho kinasaidia kulibeba paa. Jambo hilo lilimnyima usingizi. Kwa hiyo kila gari la gundi alililaza kibandani mpaka asubuhi, mwenye gari apige kelele, atoe machozi, amwite mchungaji. Asubuhi alisukuma kioo kwa bega, akazunguka, akasukuma tena, ndipo akatoa funguo. Hakikuwahi kutikisika hata kimoja, na kwa nini hakitikisiki hakuwahi kujiuliza. Alijua tu kwamba gundi hukauka.

Basi mdogo wake, Izak, akanunua gari jipya.

Izak alikuwa na bucha, na mdomo mkubwa kuliko bucha. Gari lenyewe lilikuwa jeupe, refu, na lina jicho: kamera ndogo iliyobandikwa kwenye kioo cha mbele, nyuma ya kile kioo cha kutazamia nyuma. Jicho hilo linaangalia barabara. Ukihama njia linalia, ukimkaribia mtu linafunga breki bila kukuuliza. Izak aliwaeleza watu habari za jicho hadi wakawa wakimwona wanavuka upande wa pili. Na ili jiwe lisimguse, alibandikiwa kule Windhoek karatasi ya plastiki angavu juu ya kioo kizima, akaambiwa hata nyundo haipenyi. Akapita mjini akiwaalika watu wapige kwa ngumi. Haukupita muda, lori likamtupia kokoto njia ya Aroab. Karatasi ilibaki nzima kabisa, ila kioo chini yake kilipasuka kutoka pembe hadi pembe.

Alilileta gari kibandani Jumamosi asubuhi, na kioo kipya kimefungwa kwa mablanketi nyuma ya gari. Hakuja peke yake. Kiti cha mbele alikuwa amekaa mama yao, Sabina, kavaa gauni lake refu la viraka vya rangi na shali ya kanisani, mkoba mapajani. Jumapili mtoto wa binamu yao alikuwa anabatizwa kule Koës. Izak ndiye msimamizi wa ubatizo, na alitaka kuingia Koës jua likiwa bado kali ili gari lionekane vizuri.

Aletta alimweleza kwamba gari la gundi linalala. Izak akacheka, akamwambia ndiyo maana mji mzima unamwita Kesho.

"Dada, hebu toa mkono nje uone," akasema. "Jua hili linakausha nyama kabla hujamaliza kuikata. Gundi yako ni nani isikauke?"

Hapo ndipo alipomshika. Kwani kule nani ameshawahi kubishana na jua? Jua ndilo linalokausha nyama, ngozi za kondoo, matofali, nguo, hata machozi ya watoto. Ulikuwa mwezi wa kumi, mvua ilikuwa hadithi, hewa kavu hadi midomo inapasuka, na upepo wa moto ulikuwa ukitoka upande wa jangwa tangu alfajiri. Hata mwoga aliona hoja imesimama. Mama naye akasema kwa sauti ndogo kwamba angependa kumwona mtoto akiwa macho, maana akifika usiku atamkuta kalala. Aletta hakuwahi kumnyima mama yake kitu.

Akafanya kazi. Alikata gundi ya zamani kwa waya, akasafisha bati, akapaka dawa yake nyeusi, akamimina gundi mpya kuzunguka fremu mstari mmoja usiokatika, na akamwita Izak wakaweka kioo kwa vikombe vya mpira vinavyokinyonya na kukishika. Akakifunga kwa utepe mpana juu na pembeni kisishuke. Kisha, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akalisukuma gari la gundi kutoka kibandani na kuliweka juani, kwenye uwanja mweupe, ili likauke upesi. Alimimina pia kipande cha gundi juu ya ubao, akauweka juani karibu na gari, awe anakigusa.

Jua lilipopita utosi alikigusa kwa kidole. Kikavu. Hakikunata wala kuacha alama. Akagusa tena, akamtazama mama yake aliyekuwa anasinzia kivulini, akatoa funguo.

Masharti alimpa Izak, tena mara mbili. Utepe usitolewe hadi kesho. Dirisha moja liachwe wazi kidogo, maana mlango ukifungwa kwa nguvu gari likiwa limefungwa kote, hewa inakisukuma kioo kutoka ndani. Na ile taa ya njano inayowaka kwenye dashibodi ni jicho. Limehamishwa, halijui linatazama wapi, itabidi lipelekwe Windhoek likafundishwe upya kuona. Izak akaitikia kila neno kama mtu anayesikiliza matangazo ya vifo vya watu asiowajua. Wakaondoka.

Aletta akaanza kukusanya vifaa. Pembeni mwa kibanda, chini ya pipa la maji linalovuja, kulikuwa na gunia lililolowa daima, na wakati akibadilisha bomba la gundi asubuhi tone kubwa lilikuwa limemwangukia hapo. Akainama kulibandua. Halikubanduka. Akalikandamiza kwa ukucha, ukucha ukapinda. Tone lile lililolala majini, kivulini, tangu asubuhi, lilikuwa gumu kama kwato.

Akasimama pale, gunia mkononi.

Akaenda kwenye ubao uliokuwa juani. Juu kikavu, kama alivyokiacha. Akachukua kisu, akakata katikati. Ile ngozi ya juu ikafunguka, na ndani gundi ikatoka laini, nyeusi, ikanata kwenye kisu na kuvutika kama ugali usioiva.

Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Gundi ile ilikuwa inakunywa maji ya hewani ili igande. Usiku wote ule aliolaza magari, baridi na unyevu wa usiku ndivyo vilivyokuwa vinamfanyia kazi, na yeye akampa sifa jua. Leo, siku hewa haina tone, ameliweka gari juani na upepo wa jangwa ukipuliza, na gundi imevaa ngozi nyembamba kama maziwa yaliyochemshwa. Kioo cha Izak kilikuwa kimekaa juu ya uji.

Ndipo akaukumbuka mkono wa mama yake.

Maana kule, mkipishana na gari kwenye changarawe, aliyekaa mbele hunyoosha mkono na kugusa kioo kwa ndani mpaka vumbi lipite. Wanasema jiwe likigonga, mkono unakituliza kioo kisipasuke. Huwezi kumtoa mtu wa kusini kwenye hilo. Vijana wanagusa kwa ncha ya kidole, kama mtu anayeonja joto la chai, na wanajifanya wanafuta vumbi. Sabina hakuwa mtu wa ncha ya kidole. Alipokuwa msichana alipanda lori la sufu ya kondoo, jiwe likaja, na kioo chote, vile vioo vya zamani, kikamwagika usoni na kifuani pake kama mfuko wa chumvi uliopasuka. Tangu siku hiyo, gari likitokea mbele yeye huweka kiganja kizima, hukaza kiwiko, hufumba macho na kusukuma kama anayezuia fahali asiingie jikoni.

Kusukuma kwenda nje. Kioo kilicho juu ya uji.

Alimpigia Izak simu. Ikaita, ikaita, haikupokelewa. Mara ya pili sauti ya mwanamke ikamwambia mtu huyo hapatikani. Walishavuka vilima.

Pikapu la Kobus lilikuwa nyuma ya kibanda. Aletta aliliendesha kwenda dukani na kanisani, na hakuwahi kulivusha mwisho wa lami tangu amzike mwenye nalo. Aliliwasha, akalielekeza njia ya Koës.

Kwenye kituo cha mafuta cha mwisho alimwona muuzaji anayefahamiana naye, Festus, akapunguza mwendo na kumuuliza kama Izak amepita. Festus akasema amepita, tena kwa mbwembwe, na amesimama hapa akibandua utepe wote kwenye kioo. "Kasema gari lake si mgonjwa wa kufungwa bandeji," akacheka, na akaonyesha pipa la taka, utepe mrefu ukining'inia nje kama utumbo.

Aletta hakucheka. Aliuliza kama madirisha yalikuwa wazi. Festus akamtazama kama mtu anayeulizwa rangi ya soksi za mfalme. Nani afungue dirisha, mama, na kiyoyozi kinapuliza humo kama friji la bucha?

Lami ikaisha. Pikapu likaanza kutetemeka, mitaro midogo ya changarawe ikagonga meno yake, na usukani ukawa unahama kushoto na kulia bila kuulizwa. Kwa desturi angeenda mwendo wa mkokoteni wa punda. Leo alikanyaga. Kona zikaja, na madaraja ya mito mikavu, na bado mguu wake ulikandamiza, na yeye mwenyewe akautazama mguu ule kana kwamba ni wa jirani.

Lakini kilichomtesa hasa kilikuwa ni magari yaliyotoka mbele. Vumbi lilipoinuka kwenye upeo, mkia mrefu wa manjano, alijua: huyo naye amepishana na mama. Kiganja kimoja. Likampita, mawe yakagonga mlango, na kabla hajapumua, mkia mwingine ukainuka. Kiganja kingine. Aliona kama anatazama mtu akisukuma mlango bovu, mara moja, na mara nyingine, na kila mara bawaba zinatoka kidogo. Alisali, lakini sala ilikuwa ikikatika kila penye shimo, ikabidi aanze upya.

Lori la majani ya mifugo lilipokuja, hakuweza kuvumilia tena. Akawasha taa, akatoa mkono dirishani na kuupunga mpaka dereva akasimama, akateremsha kioo chake, uso umejaa vumbi kama keki ya unga. Aletta akamuuliza kama amekutana na gari jeupe, jipya, lenye bibi mbele.

"Nimekutana nalo huko kwenye mteremko wenye ile miti ya podo za mishale," akasema yule. "Bibi kanibandikia mkono kama ananiombea toba. Mikono miwili, hakika."

"Na kioo kilikuwaje?"

"Kilikuwa kioo, mama. Kwani kinatakiwa kuwa nini?"

Mikono miwili. Mama yake hakuwahi kutumia mikono miwili. Aletta akatia gia bila kumuaga, na nyuma yake yule mtu akabaki amejitoa dirishani, anatikisa kichwa. Kwa nini miwili? Labda kimeanza kucheza, mama amekisikia kinacheza, na kwa kuwa kinacheza anakizuia zaidi, na kwa kukizuia anakitoa. Alijaribu kutofikiri. Kazi ya kutofikiri ni ngumu kuliko kuendesha.

Mchanga wa pembeni ulishaanza kuwa mwekundu alipoliona vumbi lisilomjia bali linalomkimbia. Likawa kubwa, na katikati yake tako jeupe la gari la Izak likameremeta. Aletta akapiga honi. Akawasha taa, akazima, akawasha. Kwa mbali akaona mkono wa Izak ukitoka dirishani na kumpungia kwa madaha, kisha dirisha likapanda, likafunga, na gari jeupe likaongeza mwendo.

Usimlaumu sana. Ndugu hawa wawili walikulia kwenye mikokoteni ya punda, wakishindana kwenda kisimani kila jioni, na mara zote Izak alishinda kwa sababu Aletta aliogopa kumpiga punda. Alipoona pikapu la marehemu linamfukuza na taa zinawaka, alidhani dada yake, baada ya miaka yote hiyo, amepata moyo wa kushindana. Akafurahi. Akakanyaga.

Na mbele yao, kutoka upande wa Koës, mkia mwingine wa vumbi ukainuka, mpana kuliko yote. Lori la kondoo, na trela nyuma yake.

Aletta alisikia mtu akipiga kelele ndani ya pikapu na akatambua ni yeye. Alisema mama toa mkono, mama toa mkono, kana kwamba maneno yatawafikia. Lori likakua. Akaliona gari jeupe likisogea pembeni bila kupunguza mwendo, kisha lori likalifikia, likalipita, na dunia ikageuka vumbi. Halikusimama. Lilimpita na yeye pia, kondoo wakilia juu, mawe yakimwagika juu ya paa kama mvua, na mbele yake hapakuwa na barabara, wala mbingu, wala mkono wake mwenyewe kwenye usukani.

Akafunga breki. Pikapu likaserereka, likasimama. Injini ikazimika.

Kukawa kimya. Si honi, si sauti ya mtu. Upepo tu, na kokoto moja ikiviringika mahali fulani.

Alishuka. Alitembea ndani ya vumbi akiwa amenyoosha mikono mbele. Hofu aliyoizoea, ile ya radi na nyoka wa kalenda, ilikuwa ya moto na yenye makelele. Hii ilikuwa baridi, na ndani yake kulikuwa na sentensi moja tu: nimemuua mama yangu kwa kidole kilichogusa ubao. Kiatu chake kikakanyaga kitu kilicholia. Akatazama chini. Kilikuwa kioo, kizima, kimelala mchangani kimeelekeza uso juu, na kuzunguka ukingo wake wote nyuzi nyeusi za gundi zimevutika na kukatika. Jicho la gari lilikuwa bado limeshikilia juu yake, waya umeng'oka, likitazama angani.

Gari lilikuwa hatua chache mbele, limeingia kwenye mchanga laini wa pembeni na kukwama wima. Mahali pa kioo palikuwa wazi kama mdomo. Izak alikuwa ameshikilia usukani, uso mwekundu kwa vumbi, macho hayapepesi. Na pembeni yake mama yao, mwekundu pia kuanzia shali hadi mkoba, amekaa wima, macho kafumba, mikono yote miwili imenyooka mbele, viganja wazi, vikisukuma hewa.

Mama hakutikisika. Aletta alishika fremu, gundi ikamchafua vidole. Vumbi likazidi kushuka. Ndipo akaona kope za mama zinatetemeka.

"Lori limepita?" Sabina akauliza.

"Limepita, mama."

"Basi nishushie mikono. Imekataa kushuka yenyewe."

Aletta akaingia nusu mwili kupitia pale ambapo kioo hakikuwepo, akaishusha mikono ya mama yake mmoja mmoja, akaipapasa vidole, viwiko, shingo, uso, akitafuta damu. Hapakuwa na damu. Kifundo kimoja cha mkono kilikuwa kimeanza kuvimba, basi. Kioo kilipotoka, upepo ulikinyanyua kwa chini na kukirusha pembeni badala ya kukirudisha ndani. Ungekirudisha ndani, mimi nisingekuwa na hamu ya kusimulia.

Izak ndiye aliyepata sauti, na kama kawaida yake aliitumia vibaya. Alisema tangu kwenye mteremko amemwambia mama asisukume hivyo, kioo kilikuwa kinalia kwenye kona, na mama ndiyo kwanza akaongeza mkono wa pili. Nguvu zote hizo bibi wa umri huu anazitoa wapi? Gari jipya, akasema, gari jipya kabisa.

Sabina alilitazama lile pengo. Midomo yake ikaanza kucheza, na machozi yakachora njia mbili kwenye vumbi la mashavu.

"Mwanangu, nimekuharibia gari," akasema. "Nilisikia kinaondoka nikadhani nakizuia. Nilikizuia mpaka nguvu ikaniishia. Mtu mzee hastahili kukaa mbele."

Aletta angeweza kunyamaza. Kunyamaza kulikuwa kumekaa pale tayari, hakuna aliyejua habari za gunia na ubao isipokuwa yeye, na Keetmanshoop ni mji ambao habari inafika nyumbani kabla yako. Nani angempa tena fundi Kesho gari lake? Kwa mwoga, njia ilikuwa wazi kabisa. Akafuta vidole kwenye ovaroli, gundi isitoke.

"Si mkono wako, mama," akasema. "Ni gundi yangu. Haikukauka. Niliiweka juani nikaigusa juu tu nikawaachia muondoke, na ndani ilikuwa uji. Hata mtoto mchanga angekisukuma kikatoka."

Izak akageuza shingo polepole. "Ulijua?"

"Nilijua mlipokwisha kuondoka. Ndiyo maana niko hapa."

"Mimi nilidhani unashindana."

"Niliona."

Izak akafungua mdomo. Alikuwa na mengi, ilionekana. Jicho, karatasi ya Windhoek, bucha, jina la fundi. Halafu akautazama ukingo wa juu wa fremu, pale utepe ungekuwa. Akashuka, akaenda kukitazama kioo mchangani. Akachuchumaa hapo muda mrefu, akiwa amewapa mgongo.

Mama yao alijifuta uso kwa ncha ya shali, akazidi kujipaka vumbi. Akauliza Koës bado mbali kiasi gani. Aletta akasema watarudi nyumbani, kifundo kinavimba, kinahitaji kuonwa. Sabina akajibu kwamba kifundo ni chake, na mtoto hatabatizwa na kifundo. Kanisa lile amelijenga marehemu baba yake kwa mikono, amekuja amevaa, na pikapu lile pale lina matairi.

Kwa hiyo ikawa lazima. Aletta alitazama nyuma, njia ya kurudi aliyokwisha kuishinda, kisha mbele, mahali asipopajua hata shimo moja. Akamsaidia mama kuingia kwenye pikapu. Izak alikataa kuliacha gari lake porini. Alisema atamsubiri mwenye shamba na trekta lake. Walipoondoka alikuwa amekaa nyuma ya usukani, ndani ya sebule yake isiyo na dirisha, kiyoyozi kikipuliza jangwa zima, na kondoo mmoja wa watu amekuja kuchungulia.

Aletta aliendesha kwa mwendo ambao punda angeuonea haya. Vumbi la kwanza lilipoinuka mbele, alisogea pembeni, akasimama kabisa, akazima injini, akasubiri hadi gari lipite na hewa iwe safi. Kisha akawasha. La pili vilevile. La tatu lilikuwa bado doa tu kwenye upeo, huwezi kujua ni gari au ni mbuni, na yeye tayari alishaegesha, mikono mapajani. Hakuona aibu. Alikuwa ameishiwa na ujasiri wa siku ile, na akiba hakuwa nayo.

Sabina alivumilia kadiri alivyoweza. Mwisho akageuza kichwa.

"Aletta, binti yangu. Ukiendelea kusimama hivi, mtoto atabatizwa akiwa na ndevu."

Doa lile likazidi kukua. Aletta akavuta pumzi hadi chini kabisa, akageuza ufunguo, na safari hii akaliachia pikapu liende.